Mwamba Ulioingia Kitabuni

Sisi tumo kitabuni! Ndiyo, sisi, Ilubula, kijiji ambacho hata mtu wa Kisesa ukimwuliza kiko wapi anakuna kichwa kwanza. Tumeandikwa kwenye kitabu kinachouzwa Ulaya, chenye jalada gumu linalong'aa. Shangazi yangu Teodora yumo, baiskeli imo, dagaa wamo. Ngojeni nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati mtanikatiza kwa maswali.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mwaka tisini na tatu. Nilikuwa nimetoka chuoni Nyegezi, nikaenda kwa shangazi kumsaidia kuanika dagaa kama kawaida yangu. Wanaume wa pale wanavua usiku kwa taa za karabai, zile za pampu. Dagaa wanafuata mwanga, wanazolewa. Asubuhi mitumbwi ikifika, kazi inakuwa ya wanawake. Sasa, pembeni mwa maji kuna mwamba mkubwa umelala kama kiboko aliyeshiba. Pale ndipo tunapoanika. Kila mwanamke ana sehemu yake, aliyoachiwa na mama mkwe wake, na huwezi kusogeza dagaa wako hata kiganja kwenye sehemu ya mwenzio bila kusikia maneno.

Mnauliza kwa nini wasianike tu mchangani? Nyie hamjala dagaa wa mchangani. Meno yanalia! Dagaa wa mwambani ni safi, na shangazi alikuwa na mteja wake wa siku nyingi kwa sababu hiyo. Huyo ni Hadiya, mfanyabiashara wa Kirumba, Mwanza, mama wa mjini, macho hayaishiwi wanja wala kanga marashi. Hadiya hanunui kwa macho. Anachukua dagaa mmoja katikati ya gunia, anamtafuna mbele yako polepole, huku wewe umesimama kama uko mahakamani. Akimeza, umepona.

Basi siku hiyo gari likaingia na vumbi lake, likasimama kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu pale ndipo penye watu. Akashuka kijana wa kizungu na mke wake. Yule mke amekumbatia kitabu kifuani kama anaenda ubatizoni. Wakaanza Kiingereza, na foleni nzima ikageuka kunitazama mimi.

"Haya msomi," akasema Mayala, mwenye mashine. "Leo tuone kama Nyegezi mnasoma au mnakula ubwabwa tu."

Wakaniuliza, Mwamba wa Jua uko wapi? Nikawaambia hatuna mwamba wenye jina hilo. Yule dada akafungua kitabu akanionyesha picha iliyochorwa kwa penseli. Mwamba, ziwa, wanawake wameinua mikono juu.

"Mbona huu ni mwamba wetu wa dagaa!" nikapiga kelele.

Nikawapeleka. Jamani, walitembea pale kwa vidole vya miguu! Wananong'ona! Wakapiga picha, wakashika mwamba kwa kiganja, wakafumba macho. Kabla ya kuondoka yule dada akaniachia kitabu. Akasema yeye amekwisha kukimaliza, na ni haki yetu kuwa nacho.

Niliporudi mashineni nimekishika, Mayala alifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya watu wakiwa kwenye foleni. Alizima mashine. Kimya kikatanda hadi tukasikia kuku.

"Soma," akasema.

Kumbe mwandishi ni yule mzungu wa baiskeli! Kila mtu alimkumbuka. Alikuwa amepita miaka miwili nyuma akitoka Musoma kwenda Mwanza, gurudumu likapinda pale kwetu, akalala kwa Mzee Luhaga huku Mayala akimtengenezea. Mtu mrefu, mpole, ana kofia kubwa ya majani. Hakuwa na Kiswahili zaidi ya "asante sana", na alikuwa anaisema hata akisalimiwa.

Nikasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, nikatoa Kiswahili kwa sauti.

"'Fundi wa kijiji alikuwa mtu mkimya, mwenye huzuni ya kale machoni mwake.'"

"Huzuni?" Mayala akaruka. "Jino lilikuwa linaniuma!"

Watu hoi. Mzee Luhaga akajisogeza mbele na fimbo yake. "Na mimi? Nimo? Niangalie vizuri mjukuu wangu, mimi ndiye niliyemlaza."

"Umo, babu. 'Mzee mwenyeji wangu alinitazama jioni nzima bila neno, kana kwamba anapima kama nafsi yangu inastahili kuambiwa siri.'"

Mzee Luhaga akafikiri. "Nilikuwa naitazama ile kofia," akasema. "Nilikuwa najiuliza nimwombeje."

Mnaona ilivyokuwa! Kila mtu anataka kujua kama yumo. Mwanamke mmoja akanililia kabisa nitafute kama ng'ombe wake wametajwa, maana walipita mbele ya yule mzungu akawapisha. Nikafika ukurasa wa mwamba. Huo niliusoma polepole, kwa sababu nilikuwa siamini.

"'Alfajiri niliwaona wanawake wakitoa sadaka kwa jua. Walipanga samaki wadogo wa fedha juu ya mwamba mtakatifu, kwa mstari, kwa upole, wakiimba. Jua lilipochomoza waliinua mikono yao mbinguni na kulia kwa sauti kali. Nilivua kofia yangu. Sikuthubutu kukaribia wala kuuliza.'"

Wanawake walicheka wakakaa chini. "Tulikuwa tunafukuza mwewe!" "Eh, kumbe ndiyo maana alisimama vile na kichwa chini! Mimi nilidhani jua limempiga!" "Mimi nilidhani anaiombea baiskeli!"

"Tulieni, kuna kiongozi," nikasema. "'Kuhani wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye kovu kwenye kidevu. Kabla ya yote alichota samaki kiganja kimoja, akawarudisha majini huku midomo yake ikitembea, kisha ndipo kazi ikaanza.'"

Macho yote kwa shangazi Teodora. Mrefu. Kovu la kidevu analo, alianguka na mtungi akiwa msichana. Watu wakaanza kumwita kuhani, kuhani, tuombee mvua. Shangazi alikuwa amecheka kwa mwewe, amecheka kwa baiskeli, ila kwa hili hakucheka. Alijitwisha unga wake akasema, "Haya, washeni mashine, wengine tuna kazi."

Mimi nililiona hilo, nikaliweka moyoni.

Sasa mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Chenge, hakuwepo siku ile. Aliposikia alikuja mwenyewe nyumbani kwa shangazi, suruali ya mitumba imepigwa pasi hadi inakata. Akaniomba nimsomee ukurasa ule tena, na tena. Kila nikifika "mwamba mtakatifu" anainua kidole, nirudie.

"Mwenyekiti," shangazi akamwambia, "pale ni dagaa tu. Unajua. Mkeo mwenyewe anaanika pale."

"Mama Teodora, shida yetu ndiyo hiyo. Tunadharau vya kwetu. Watu wa Bujora wana makumbusho, wazungu wanapanga foleni. Wakitoka pale wanapita Kisesa wanakwenda zao Serengeti, sisi tunabaki kula vumbi la magari yao. Sasa hivi ni soko huria! Kila mtu anauza alichonacho."

"Na mimi si nauza nilichonacho? Nauza dagaa."

"Dagaa kila mtu anao," akasema Chenge. "Mwamba mtakatifu tunao peke yetu."

Kikao cha kijiji kikaitwa. Ajabu ni hii, wale wale waliokaa chini kwa kucheka pale mashineni sasa walianza kusita. Kwani kitabu kinaweza kudanganya? Kitabu chenye jalada namna ile? Mzee Luhaga akasimama akasema sasa anakumbuka kwamba babu yake alikuwa akipita karibu na mwamba ule anakohoa.

"Kukohoa ni ibada, babu?" shangazi akamwuliza.

"Inategemea alikuwa anakohoaje," akasema mzee. Watu wakampigia makofi.

Ikapitishwa: hakuna kuanika dagaa mwambani. Harufu inafukuza wageni. Vijana wakazungushia mwamba mawe yaliyopakwa chokaa, kama ofisi ya mkuu wa wilaya. Likawekwa bango, MWAMBA WA JUA, na herufi ya mwisho ikabanwa pembeni kwa sababu ubao ulikuwa mfupi. Wanawake wakahamishiwa mchangani.

Mnajua mimi napenda vitu vipya. Siwafichi, nilifurahi kidogo. Kijiji chetu na bango! Lakini wiki hiyo Hadiya akaja kutoka Kirumba, akasalimiana na shangazi kama ndugu, "Teodora mwenzangu, habari za tangu siku ile?" Akachomoa dagaa mmoja katikati ya gunia. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akageuka pembeni akatema kwenye kanga kwa adabu.

"Hawa si wako," akasema.

"Ni wangu."

"Teodora, mimi nawauzia watu wa mahoteli. Nikiwapelekea mchanga watanirudishia gunia kichwani." Akamshika shangazi mkono. "Kwa urafiki wetu nitakuja mara moja nyingine. Nikikuta mchanga, nitahamia Ukerewe. Usinichukie, mwenzangu."

Shangazi hakumchukia. Alikaa kwenye kizingiti muda mrefu akipepeta wale dagaa kwenye ungo, na mchanga unashuka chini yake, ssss, ssss, na bado ukitafuna mmoja meno yanalia. Aliachwa mjane na huo mwamba tu. Sehemu yake ya mwambani ndiyo iliyoninunulia hata mimi madaftari ya chuo. Nikaacha kufurahia bango.

Halafu ikaja habari sasa! Kampuni ya utalii ya Arusha ilituma ujumbe kupitia tarafani. Wana wageni, wamesoma kitabu, wanataka kuja kuona ibada ya jua. Wapangiwe siku gani? Chenge nusura apae. Akajibu haraka sana: waje mwezi ukiwa mpevu, njia ya kushukia ziwani ina mawe, mbalamwezi itawasaidia wasijikwae alfajiri.

Ngojeni, ngojeni. Mmeelewa alichofanya? Mbalamwezi ikiwepo, karabai haina maana. Ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, hakuna anayevua. Wanaume wanalala, wanawake wanashona mikeka. Hata mtoto wa Ilubula analijua hilo, na Chenge analijua. Ila bango lilikuwa limemwingia kichwani, dagaa wakatoka.

Alipokuja kumwomba shangazi aongoze ibada, akamtajia siku. Shangazi akatazama juu, akahesabu kwa vidole, nikaona tabasamu limekuja likajificha.

"Nitakuwepo," akasema. "Kuongoza siongozi. Lakini kusimama pale nitasimama."

"Shangazi, mbona humwambii?" nikamwuliza Chenge alipoondoka.

"Ameniuliza?"

Chenge aligundua kosa lake wageni wakiwa tayari wamefika Mwanza. Nilimwona akikimbia, mtu mzima na suruali yake ya pasi! Mtumbwi hata mmoja haukuingia ziwani. Akapanda baiskeli hadi Kisesa, akapata gari hadi Kirumba, akarudi na gunia zima la dagaa. Dagaa wakavu! Walikwisha kukauka zamani! Na nyuma ya gunia, kwenye gari hilo hilo, alikuwa amekaa Hadiya na kanga zake.

"Mwenyekiti wa kijiji cha dagaa anakuja kununua dagaa mjini kwangu," akamwambia shangazi akishuka. "Nikasema hii siikosi, hata kama duka lifungwe."

Alfajiri wageni wakafika, wengi wao watu wazima wenye viatu vya kupandia milima. Mimi ndiye mkalimani. Chenge amewapanga wanawake kwa kanga za sare, katikati ni mke wake mwenyewe, maana kiongozi alikosekana. Wakaanza kumwaga dagaa wakavu juu ya mwamba. Wakaimba. Jua likatoka. Chenge akatoa ishara, wakainua mikono juu wakalia, "Shiii! Shiii!" na hakukuwa na mwewe hata mmoja, kwa sababu mwewe si mjinga, anajua dagaa wabichi na wakavu.

Wageni wengine wamevua kofia. Shangazi amesimama nje ya mawe ya chokaa, mikono kifuani.

Kulikuwa na bibi mmoja mfupi, nywele nyeupe kabisa. Akainama, akaokota dagaa mmoja, akamvunja. Kah! Akakatika kama kijiti. Akamnusa. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu: hawa samaki wamekwisha kukauka, kwa nini wanawekwa juani?

Jamani. Chenge hakuelewa maneno lakini alielewa ile kah. Akaninong'oneza, "Evelina, mwambie ni sadaka iliyokaushwa na mababu."

Ulimi wangu mnaujua, haujawahi kukwama tangu nizaliwe. Siku hiyo ulikwama. Nikamtazama shangazi. Hakunikonyeza, hakunisaidia. Alikuwa anautazama mwamba, ile sehemu yake upande wa mashariki, ambapo mke wa mwenyekiti alikuwa amesimama na viatu.

Nikamwambia yule bibi, "Mwulize mwenyewe. Yule pale ndiye aliyeandikwa kitabuni. Mimi nitatafsiri tu."

Wageni wote wakageuka. Kovu la kidevu! Wakalijua. Kitabu kikafunguliwa, wakanong'onezana. Bibi akamwendea shangazi, akampa mkono, akamwuliza tena.

"Mwambie shikamoo kwanza," shangazi akaniambia. Nikamwambia, na nikamfundisha yule bibi kujibu marahaba. Alisema "malahaba" kama Mzee Luhaga kabisa. Basi shangazi akavua ndala, akavuka mawe ya chokaa.

"Mwambie leo hakuna dagaa kwa sababu ya ule mwezi. Wakavu hawa wametoka Mwanza jana. Mwambie hivyo hivyo."

Nikasema. Bibi akacheka, akajipiga kofi gotini. Lakini bwana mmoja mwenye kamera kubwa akakasirika, akasema amesafiri kutoka mbali kuja kuona ibada, na je, kitabu ni uongo? Nikatafsiri na hilo.

"Si uongo," shangazi akasema. "Aliona mikono juu, na kweli ilikuwa juu. Ila huku juu kulikuwa na mwewe. Hakumwona mwewe kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa."

Watu wa Ilubula wakaangua kicheko, Chenge akiwa hajui ashike wapi. Bibi akaanza maswali sasa, na wenzake wakamfuata, yaani nilikauka koo! Kwa nini mnaimba? Ili mikono yote iende pamoja, mmoja asiwahi akajaza sehemu ya mwenzie. Kwa nini mwambani? Shangazi akamshika mkono bibi, akamlaza kiganja chake kwenye jiwe lililoanza kupata joto. Kisha akachukua dagaa wa mchangani kutoka kwenye fundo la kanga yake, kumbe alijiandaa, akampa atafune. Bibi akatafuna. Akakunja uso. Akatema. Bwana mwenye kamera alikuwa amekwenda kukaa garini, lakini hao wengine kila mmoja akataka kuonja mchanga wetu!

Hapo ndipo Hadiya akapasua jipu. Akaingia katikati, akaokota dagaa mmoja wa sadaka, akamtafuna polepole kama kawaida yake. Akameza.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti ya sokoni, "unajua hili gunia ulilolinunua kwangu jana ni la nani? Ni la Teodora. La mwisho alilolianika hapa kabla hamjauzungushia mwamba wenu mawe ya chokaa. Nilikuwa nimelificha kwa ajili ya wateja wazuri. Umekwenda mpaka Kirumba kuununulia mwamba dagaa wake wenyewe!"

Mke wa Chenge ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akavua viatu, akashuka kwenye sehemu ya shangazi akahamia kwenye sehemu yake, kule upande wa magharibi, akakaa. "Na mimi nimechoka mchanga, baba," akamwambia mume wake mbele ya watu. "Nyumbani unakula wewe halafu unanilalamikia mimi."

Chenge akatazama bango lake. Akatazama wageni waliolala kifudifudi kwenye mwamba wakipima joto kwa mashavu.

"Basi anikeni," akasema. "Lakini bango linabaki."

"Libaki," shangazi akasema. "Kunguru watapata pa kukaa."

Giza la mwezi lilipofika mitumbwi ilirudi imelala kwa uzito. Hadiya alikuja, akatafuna, akameza. Yale mawe ya chokaa hatukuyatupa, wanawake wameyagawana, wanawekea mipaka ya sehemu zao, na ugomvi umepungua kidogo. Wageni wengine wamekwisha kuja tangu hapo, wanauliza mwewe yuko wapi.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi mwambani nilikuwa nyuma ya shangazi na ungo wangu. Wenzie walikuwa bado wanashusha mizigo. Nikamwona anachota kiganja kimoja cha dagaa, anainama, anawarudisha majini. Na midomo inatembea.

"Shangazi!" nikasema. "Kumbe hilo ni kweli!"

Akashtuka, akajifuta mkono kwenye kanga.

"Yule mzungu ana macho," akasema. "Hilo aliliona sawasawa. Angekuja kuniuliza, ningemwambia."

"Basi niambie mimi. Unasema nini pale? Unamwambia nani? Mama mkwe wako ndiye aliyekufundisha? Ni mizimu ya—"

"Wewe?" Shangazi akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akacheka hadi kovu likapotea. "Nikuambie wewe, kabla ya jua kuzama Nyegezi nzima inajua. Anika dagaa, mwewe hao wanakuja."

Nikaanika. Lakini nilibaki wiki nyingine kwa shangazi, chuo kikanisubiri, na kila asubuhi nilisogea karibu kidogo.